Masika ya Bwana Ukungu

Jumapili, 2 Machi

Upepo umeng'oa paa la nyumba yangu, na mimi nimeng'oka nalo. Tangu leo mchana nakaa kwa binti yangu, kitindamimba wangu, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mtu anayekaa nyumbani kwa mkwe wake lazima awe na mahali pa kutemea maneno, la sivyo yatamsonga. Mahali pangu ni hapa.

Aliyenileta ni mwanangu wa kwanza, kwa gari lake safi, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kumkumbatia. "Mama, habari ya paa niachie mimi," alisema. "Mafundi wangu wanaingia kesho. Mvua ikija itakuta tumeshafunga." Huyo ndiye mtoto. Wangekuwa wote kama yeye, ningezaa hata kumi.

Halafu kuna huyu mwingine, mkwe. Alinifungulia mlango viwiko vimejaa unga wa kahawia unaometameta, hakuweza hata kupokea sanduku. "Shikamoo, mama. Karibu sana. Samahani, nipo katikati ya kuchanganya."

Nilidhani anapika. Laiti ingekuwa hivyo.

Jumatatu, 3 Machi

Nimejua anachochanganya. Kiwanda cha uchapaji alikokuwa anaendesha mashine kilifungwa mwaka jana. Mwanamume mwingine angetafuta kiwanda kingine. Yeye ametafuta uyoga. Anaulima, na si shambani, anaulima humu ndani, chumba cha tatu! Chumba ambacho mtu mwenye akili timamu angekuwa anakipaka rangi sasa hivi, kwa sababu binti yangu ana mimba na tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Badala ya kitanda cha mtoto kuna rafu, ndoo, chupa za jamu na gunia kubwa la hayo madude yanayometameta.

Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana maisha yangu yote ya kazi. Nimepambana na ukungu kwenye kuta, kwenye mashuka, kwenye viatu, ndani ya masanduku ya wasichana wavivu. Nimestaafu bila kushindwa hata mara moja. Sasa nakaa katika nyumba ambamo mtu mzima ananunua ukungu, anaupikia chakula, anaulaza gizani na kuufunga vizuri usipate baridi.

Nimempa jina, ila la humu tu. Bwana Ukungu.

Alhamisi, 6 Machi

Leo kanifundisha. Sikuomba. Nilikuwa napita kwenda bafuni, mlango uko wazi, akanikaribisha kama vile ni makumbusho.

"Hii inaitwa vermikulaiti, mama. Ni mwamba. Wanauchoma kwenye moto mkali mpaka unavimba." Akanimwagia kiganjani. Vyepesi kama hewa, vinang'aa kama dhahabu ya kuwadanganyia watoto.

"Bisi za mawe," nikasema.

Akacheka! Alidhani natania. Akaendelea: kazi yake ni kushika maji bila kugandana, ili uyoga upate unyevu na hewa kwa wakati mmoja. Anachanganya na unga wa mchele usiokobolewa, anatia maji kidogo kidogo, anakamua konzi moja kuona kama itadondosha tone. Anajaza chupa, juu anaweka tabaka la bisi kavu kama kofia, anachemsha kwa mvuke nusu siku. Zikipoa ndiyo anatia mbegu. Muda wote kitambaa puani, eti vumbi lake si zuri kwa mapafu, ndiyo maana analilowesha kwanza. Mimi niliyesimama hapo bila kitambaa aliniomba nirudi nyuma kidogo.

Nimezaa, nimelea, na sijawahi kumkamulia mtoto wangu chakula kuona kama kinadondosha tone.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Mwanangu kapiga simu: mafundi wanasubiri mbao.

Jumamosi, 15 Machi

Nimecheka mpaka nimekaa chini.

Chupa zake zimeota ukungu. Si huo wake mweupe wa heshima. Ni wa kijani, kijani kibichi kama sare ya shule. Rafu nzima ya juu imekwenda. Bwana Ukungu ameshindwa hata na ukungu! Alizipanga mezani jikoni, akawa anazitazama moja moja kama mtu anayetambua maiti.

"Kosa langu," akamwambia mke wake. "Nililowesha na tabaka la juu. Lile lilitakiwa libaki kavu, ndilo linalozuia vijidudu visishuke."

Binti yangu akamshika bega. "Utafanya tena."

Atafanya tena! Mtoto huyu nilimsomesha. Yuko mapokezi kwa daktari wa meno, anasimama kutwa nzima na tumbo lile akiwaambia watu wakae wasubiri, kisha anarudi kumpa moyo mtu aliyeshindwa na chupa ya jamu. Upendo ni upofu, sawa, lakini huyu mwanangu hata kupapasa hapapasi.

Vilivyoharibika kavimwaga uani, nyuma ya bafu, kwenye lundo la takataka za bustani. Nikasikia anaimba kwa pua huku anamwaga. Anaimba kwa pua akifanya jambo lolote. Hata akinywa chai, na chai yenyewe anaivuta kwa kelele kama bomba linaloziba.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Uyoga hamna, paa hamna.

Jumapili, 30 Machi

Chupa za safari hii zimekuwa nyeupe, nyeupe kabisa, kama zimejazwa pamba. Kila asubuhi anazimulika kwa tochi. Binti yangu naye kabla hajavaa viatu lazima apite kuziangalia, wanasimama pale wawili wananong'ona.

Leo kaja kukaa kitandani kwangu. "Mama, mbona unamdharau mume wangu?"

"Mimi? Namwangalia tu."

"Unavyomwangalia ndiko kumdharau."

"Kama kutazamwa kunamuumiza, atafute kazi ya kutazamika."

Akainuka akaenda. Zamani angenijibu. Mimba inawafanya wapole, au ndoa.

Jumatano, 9 Aprili

Uyoga umetoka. Naandika ukweli hata ukiwa mchungu. Alizitoa zile keki nyeupe chupani, akaziloweka, akazigaragaza kwenye bisi za mawe kama mtu anayepaka andazi sukari, akazipanga kwenye boksi la plastiki na kuzinyunyizia maji. Sasa zimechomoza vishada vya rangi ya majivu, vimebebana kama masikio ya sungura.

Binti akaukaanga kwa siagi na kitunguu. Harufu ilijaa nyumba. Mimi nilikula mkate na chai.

"Onja kidogo tu, mama," akasema Bwana Ukungu.

"Asante. Nimeshiba."

Nilikuwa na njaa hadi naona nyota. Lakini kuna vitu mtu hali, hata kama ni mgeni.

Jumapili, 13 Aprili

Mwanangu alikuja! Nyumba ilichangamka. Akanunua matunda, akanikumbatia, akanong'ona, "Mama, unanenepa, wanakutunza?" Nikamnong'oneza kwamba natunzwa na ukungu. Tukacheka wawili.

Alipoingia chumba cha tatu akawa anagusagusa boksi. Kisha akatoka na mpango kamili. Yeye anafahamiana na meneja wa hoteli. Yeye atashughulika na soko, shemeji yake abaki na kilimo. "Wewe una mikono, shemeji, mimi nina mdomo. Mdomo ndio unaouza." Ameshafikiria hata vibandiko vya pakiti, vyenye jina lake, kwa kuwa ndilo linalojulikana mjini.

"Bado ni kidogo sana," Bwana Ukungu akasema. "Boksi mbili tu. Hoteli itataka kila wiki. Nipe mpaka mwezi wa saba."

Mwezi wa saba! Mtu anafunguliwa mlango, yeye anatafuta kizingiti. Mwanangu akanikonyeza.

Kuhusu paa, mafundi wameahirisha kwa sababu ya mvua. Nikamwambia paa ndilo linalozuia mvua, wakisubiri mvua iishe paa la nini? Akacheka sana. "Mama, wewe ungekuwa mwanasheria."

Ana ucheshi huyu mtoto.

Jumamosi, 19 Aprili

Kichekesho cha mwaka. Lundo la nyuma ya bafu, alikomwaga uchafu wake wote, limeota uyoga! Tena si hivi vijisikio vya chumbani. Mkubwa, mweupe, umesimama kama miavuli ya harusi, kofia moja inajaa sahani. Nikamwita dirishani.

"Mkulima! Njoo uone. Ulipotupa kumeota kuliko ulipopanda."

Alikuja anacheka, alipouona akaacha. Akachutama, akaung'oa mmoja, akaugeuza chini juu, akautazama muda mrefu.

"Mama, huu si wangu. Mbegu yake imekuja na mvua, sijui ni wa aina gani. Usiuguse. Hata kuukata kwa kisu cha jikoni, usikate. Tafadhali."

"Kwani nani kakuambia nataka kuugusa?"

"Nasema tu. Watu hufa."

Akaung'oa wote akaufukia. Akalima lile lundo kwa jembe, akaimba kwa pua. Tulikuwa sisi wawili tu, binti yangu yuko kazini. Nilimwona kama mwanafunzi aliyesoma ukurasa mmoja anataka kuwasahihisha walimu. Watu hufa! Mimi nimelisha wasichana mia nne, hakufa hata mmoja.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ya wiki nzima. Bwana Ukungu anasafiri kesho kufuata gunia jingine la bisi. Angalau nitapumzika na pua yake.

Alhamisi, 1 Mei

Sikuweza kushika kalamu mpaka leo. Nitaandika yote.

Jumapili, baada ya saa sita mchana, mwanangu alikuja na meneja wa hoteli. Bila taarifa. Binti alikuwa zamu, kwa sababu daktari wa meno siku hizi anafungua hata Jumapili. Bwana Ukungu alikuwa bado hajarudi. Meneja ni mtu mpole, mwembamba, kavaa koti la mvua alilokataa kulivua. Alisema amepita tu, hana muda, angependa kuonja.

Mwanangu akaingia chumba cha tatu, akatoka amenuna. Mle boksini vilikuwemo vichwa vidogo kama vya njiti za kiberiti. Vikubwa vilichumwa Ijumaa. Akanifuata jikoni.

"Mama, huyu nimemtafuta miezi. Akitoka hapa mikono mitupu sitamwona tena."

"Mwambie arudi Jumatano."

Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama nje, kupitia mlango wa nyuma. Lundo lilikuwa limeota tena, limeota kupita mwanzo, nyeupe tupu kwenye mvua.

"Na ule je?"

Hapa ndipo penyewe. Nilijua. Sikuwa nimesahau, sikuwa nimechanganyikiwa kwa uzee. Maneno ya Bwana Ukungu yalikuwa kichwani mwangu mazima kabisa, na nikayasikia kwa sauti yake ile ya puani, na kwa sababu ni sauti yake nikayadharau. Nikamwambia mwanangu, "Shemeji yako anauogopa huo. Lakini yeye anaogopa hata vumbi."

"Umetoka kwenye takataka zake zilezile, mama. Si uyoga uleule?"

"Mimi naona mzuri kuliko wa ndani."

Akatoka na sahani, akarudi imejaa. Niliukata mimi. Niliukaanga mimi, kwa siagi na kitunguu, kama nilivyomwona binti yangu akifanya. Nikaupanga vizuri, nikapeleka sebuleni na leso mezani. Meneja akala vijiko viwili, akasifu, akaniomba mimi mpishi nile pamoja naye. Mwanangu akasema, "Kula, mama, mwoneshe." Nikala. Ulikuwa mtamu, sitasema uongo.

Mwanangu hakula. Alisema tumbo lake halipatani na uyoga. Nilimzaa mimi, na sikuwahi kulisikia tumbo hilo.

Waliondoka wanacheka. Binti akaingia ameloa, miguu imevimba, akakuta sahani jikoni. "Mama, umempikia mgeni uyoga? Wewe?" Akafurahi. Alifurahi kiasi kwamba akanibusu, akala uliobaki akiwa amesimama, kwa mkono, huku ananiambia mume wake akisikia atalia. Nami nikamtazama anakula. Sikusema kitu. Ulimi ulikuwa mdomoni, mzima.

Kabla ya giza kuingia nilianza mimi. Sitaeleza sana, nitasema tu kwamba nilidhani utumbo unatoka. Kisha nikamsikia binti yangu bafuni, na nikamsikia anaanguka. Nilitambaa. Matroni mzima nilitambaa kwenye korido ile, nikamkuta ameshika tumbo kwa mikono miwili, hashiki kitu kingine, na anatapika hivyohivyo. Nilimpigia simu mwanangu. Ikaita mpaka mwisho. Nikapiga tena, imezimwa.

Bwana Ukungu alifika na gunia begani. Alilitupa palepale mlangoni. Hakupiga kelele, hakuuliza nani kafanya. Aliuliza, "Mmekula nini?" Nikamwonesha ndoo ya takataka. Akatoa kipande cha kofia iliyobaki, akakigeuza, zile mbavu nyembamba za chini ya kofia zilikuwa zimeanza kuwa na rangi ya kijani kijani. Akakitia kwenye chupa moja ya jamu, akafunga kifuniko. Kisha akambeba mke wake mpaka kwa jirani mwenye gari, akarudi akanibeba mimi. Mimi! Nilitapika kwenye shati lake. Akasema, "Tapika tu, mama."

Daktari alipopewa ile chupa alishukuru. Alisema wengi huja na maelezo tu, hawaji na uyoga. "Huu unatapisha na kuharisha vibaya, lakini ini unaliacha. Kuna mwingine mweupe, unafanana na huu. Ungekuwa huo, tusingekuwa tunaongea hivi." Tukatundikiwa maji. Binti alilala kitanda kilicho jirani na changu, mume wake amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa viti viliisha. Muuguzi akatafuta mapigo ya mtoto. Akatafuta. Akahamisha kile chombo, akatafuta tena. Bwana Ukungu alikuwa amefumba macho.

Kisha tukayasikia, mbiombio, kama mtu anayegonga mlango kwa kidole.

Tumerudi jana.

Jumamosi, 3 Mei

Meneja naye alilazwa, lakini ametoka. Mwanangu amenitumia ujumbe wa pole wenye picha ya maua.

Jumanne, 6 Mei

Simu zinaingia. Mawifi, binamu, watu wa harusini na misibani. Wote wamesikia habari moja: mkwe wangu karibu atuue kwa uyoga wake wa chumbani. Nikawauliza nani kawaambia. Mwanangu. Amewaambia wote, tena amewaambia kwa majonzi. Hadi meneja anaamini hivyo.

Nilijaribu kumkasirikia nikashindwa. Nikajiambia ameshikwa na hofu. Mama ana maneno mengi ya kumsitiri kifunguamimba wake.

Jumapili, 11 Mei

Kaka yangu mkubwa ameitisha kikao hapa sebuleni. Amekaa kiti cha mwenye nyumba. Mwanangu alikuja na shati lake, akasimama kuongea kama yuko bungeni.

"Mjomba, sitaki ugomvi. Lakini shemeji amegeuza nyumba kuwa maabara. Mama yangu na dada yangu wameponea chupuchupu. Tusubiri tuzike ndipo tuseme?"

Binti yangu alifungua mdomo, mume wake akamgusa mkono. Wote wakanitazama mimi. Mwanangu pia, na macho yake yalikuwa yananiomba, macho yaleyale ya utotoni akivunja kitu.

Nikasema, "Aliyeuchuma ni mwanangu. Aliyeupika ni mimi. Tuliutoa nje, kwenye lundo, si chumbani." Nilijiona jasiri. Nikaongeza, "Hatukujua."

Hatukujua! Lilitoka lenyewe, laini kama siagi.

Bwana Ukungu aliinua uso akanitazama. Alinitazama mara moja tu.

Kaka yangu akakuna kidevu. "Basi, kama hawakujua, kosa ni la mwenye lundo. Mtu ana sumu uani kwake, haonyi watu? Mkwe, tunakuheshimu, lakini mambo hayo yakome."

Nilisubiri aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na neno lilikuwa moja tu.

"Nimesikia, mjomba," akasema.

Mwanangu akashusha pumzi. Alipokuwa anaondoka akanibana mkono. "Asante, mama." Kiganja chake kilikuwa kimeloa, nami nikakifuta kwenye kanga yangu kabla hajafika getini.

Jumanne, 13 Mei

Anamwaga chupa zote, hata zile nyeupe nzuri. Haimbi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemfuata jikoni. Alikuwa anaosha chupa, anazipanga mdomo chini.

"Ulinyamaza," nikamwambia. "Ungeweza kusema ulinionya."

"Ningeweza."

"Sasa?"

"Wewe ni mama wa mke wangu. Ukivuliwa nguo mbele ya ndugu zako, anayeona aibu ni yeye. Na ana mimba."

"Kwa hiyo umenisitiri."

"Nimemsitiri yeye."

Maji yakawa yanamwagika bombani. Nikasema kitu cha kijinga. Nikasema, "Najua umekuwa ukinidharau tangu nije."

Akafunga bomba. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

"Hapana, mama. Ulivyokuwa unacheka kule chumbani nilikuwa nasikia. Nikajiambia, ni mtu mzima, nyumba yake imebomoka, aachwe acheke. Sikukudharau hata siku moja." Akachukua chupa nyingine. "Nimeanza Jumapili. Hata sijazoea."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba radhi kwa kukukanyaga.

Nimesemwa na wakuu wa shule, na wazazi wenye hasira, na marehemu mume wangu, na sikuwahi kukosa jibu. Nimerudi chumbani. Nimekaa. Ukuta wa jirani una ufa ambao sikuwa nimeuona.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimekwenda kwa kaka yangu. Peke yangu, kwa miguu, kwenye matope, nyonga inanipigia kelele. Nilipitia nyumbani kwangu maana ni njia moja. Hakuna ubao, hakuna msumari, hakuna hata alama ya kiatu cha fundi. Majani yameota sebuleni. Jirani kaniambia hajaona mtu tangu nilipoondoka. Nimesimama pale nikamfikiria mwanangu na mafundi wake, na mdomo wake unaouza, na tumbo lake lisilopatana na uyoga. Nikagundua sina tena neno hata moja la kumsitiria. Yameisha, kama sabuni inavyoisha, unashangaa tu mkono uko mtupu.

Kaka nilimkuta anakula na mke wake. Nikasema palepale, sikungoja chai. "Mkwe wangu alinionya. Aliniambia nisiuguse, watu hufa. Nilijua, na nikapika, na nikamwacha binti yangu mwenye mimba ale. Kikaoni nilidanganya."

Wifi yangu akaacha kutafuna. Kaka yangu akanisogezea kiti.

"Sasa ungenyamaza tu. Mambo yameshapita, watu wameshatulia. Unataka niitishe kikao kingine kwa ajili ya uyoga?"

"Nataka umpigie simu umwombe radhi."

"Nitampigia."

"Lini?"

"Nitampigia, nimesema."

Namjua kaka yangu. Ni mzee wa ukoo kwa sababu anajua kusubiri mambo yaoze yenyewe. Nikaichukua simu yake pale mezani, nikabonyeza namba, nikamwekea sikioni. Aliomba radhi mdomo umejaa chakula.

Jumamosi, 17 Mei

"Mjomba alinipigia," akasema Bwana Ukungu.

"Ndiyo."

"Asante, mama."

Basi. Nilitarajia nini, ngoma?

Binti yangu nimemwambia mwenyewe, yote, hata ile ya kumtazama akila. Hajaongea na mimi tangu asubuhi. Chakula changu ananiwekea mezani, anafunika.

Alhamisi, 22 Mei

Mwanangu amepiga mara kadhaa. Leo nikapokea. Akasema nimemwaibisha kwa mjomba. Nikamwambia mafundi wake wamefanya kazi nzuri, paa halionekani hata kidogo. Akacheka, akadhani bado tunataniana. Nikakata.

Jumatano, 28 Mei

Mvua zinapungua. Lundo la nyuma ya bafu limechomwa, majivu yamefukiwa. Chumba cha tatu kinafanya kazi tena, nimesikia gunia likiburutwa, na leo kaanza kuimba kwa pua, nyimbo mbaya zilezile. Mlango una kufuli jipya. Ufunguo anao yeye na mke wake.

Ningefanya vivyo hivyo. Bwenini nilikuwa nafungia hata sabuni.

Jumatatu, 2 Juni

Binti kaniuliza kama nataka chai. Nimesema ndiyo.

Jumatano, 11 Juni

Nimetafuta fundi mwenyewe. Mlevi, mwongo, anatukana nyundo, lakini yuko juu ya paa na anagonga. Nitahama mwisho wa mwezi.

Bwana Ukungu alikuja kuangalia mbao, bila kuitwa. Akasema mbili zimeoza. Zilikuwa zimeoza. Anaudhi mtu anayeona kila kitu na hapandishi sauti.

Jumamosi, 21 Juni

Mtoto amezaliwa leo alfajiri. Wa kike, mzima, ana hasira na kila mtu.

Mchana walituruhusu kuingia. Mwanangu alikuwepo, na maua, kasimama karibu na mlango anasubiri aitwe. Hakuitwa. Binti yangu amelala, hoi kwa uchovu, anaitabasamia dari. Mume wake alikuwa na mtoto mikononi, ametoa macho kama mtu aliyepewa ashike moto. Akatazama chumba kizima. Kisha akaja kwangu.

Akaniwekea mikononi taratibu, na hakuachia mara moja.

"Mshike kichwa, mama," akasema.

Mimi! Niliyezaa na kulea, niliyepakata watoto wa ukoo mzima kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi niambiwe namna ya kushika mtoto na mtu anayevuta chai kama bomba! Nilifungua mdomo, na jibu lilikuwepo tayari, zuri, la kumkalisha chini.

Nikaufunga. Nikamshika kichwa.